Kuzaliwa, Kulelewa na Kuongoka: Malezi ya Dini na Suala la Uadilifu katika Historia ya Masasi na Newala



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu inatokana na swali ambalo wanafunzi wa dini na wa historia hulikuta mapema, na ambalo wengi wao huliacha bila kulimaliza. Ikiwa uongofu ni neema ya Mwenyezi Mungu, na ikiwa kwa kawaida mtu huishika dini ya nyumba aliyozaliwa, je, pana uadilifu gani kwa yule aliyezaliwa katika nyumba nyingine? Swali hili si geni katika Uislamu. Wanazuoni walilijadili Basra na Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hawakukubaliana. Ninachokusudia leo ni kulitazama kutoka Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania.

Nimeichagua sehemu hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya dini mbili kuu huko ni fupi. Unguja au Lamu mtu akiuliza ukoo wake ulisilimu lini, jibu limefunikwa na karne nyingi. Newala jibu mara nyingi halivuki kizazi cha babu wa babu, kwa hiyo tunaweza kuona kwa karibu jinsi dini ya mtoto ilivyoamuliwa: na nani, wapi, na katika mazingira gani. Pili, huko dini hizi mbili zimekaa ndani ya koo zilezile. Anayetoa hukumu juu ya aliyezaliwa “upande wa pili” anatoa hukumu juu ya shangazi yake au binamu yake.

Mimi ni mwanaisimu, na sitatoa fatwa. Nitaanza na maneno, nitafuata na historia, kisha nitauliza hoja za wanazuoni zinasema nini zinapokutanishwa na historia hiyo.

2.0 Maneno tunayotumia

Tuangalie vitenzi vitano: -zaliwa, -lelewa, -batizwa, -silimu na -ongoka.

Vitatu vya kwanza vimo katika kauli ya kutendwa. Mtu huzaliwa, hulelewa, hubatizwa. Mtendaji ni mwingine. Sarufi yenyewe inakiri kwamba katika mambo haya mhusika hakuchagua. Kitenzi -silimu ni tofauti. Hicho ni cha kutenda, na anayesilimu ndiye mtenda. Kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa na Waislamu hatuambiwi kwamba amesilimu. Tunaambiwa kwamba ni Mwislamu, basi. Lugha inamtofautisha aliyekuja mwenyewe na aliyekutwa ndani.

Kitenzi cha tano ndicho chenye utata, na ndicho kinachotumiwa na Waislamu na Wakristo vilevile. Kutokana na -ongoa tunapata -ongoka, kauli ya kutendeka. Kauli hii haimtaji mtendaji. Tukisema “ameongozwa”, tunaweza kuuliza: na nani? Tukisema “ameongoka”, swali hilo halina pa kushika. Je, ameongoka kwa juhudi yake, kwa malezi ya wazazi, au kwa kudra ya Mungu? Kiswahili kimeliacha wazi jambo lilelile ambalo wanazuoni wa Kiislamu waligombania kwa karne nyingi.

Neno hidaya linaongeza jambo jingine. Katika Kiarabu kuna maneno mawili ya mzizi mmoja: moja lina maana ya uongozi wa Mungu, jingine lina maana ya zawadi. Yalipoingia katika Kiswahili, sauti zake zilikaribiana hata umbo likawa moja. Mswahili anaposema hidaya, huenda amekusudia tunu aliyoletewa na rafiki, na huenda amekusudia uongofu. Muungano huu wa sauti unalikaza swali letu. Zawadi hailipiwi, wala asiyepewa hana pa kushtaki. Lakini je, mtu anaweza kuadhibiwa kwa kutokuwa na kitu ambacho hutolewa kama zawadi?

3.0 Jahazi, milima ya mawe na mto

3.1 Masasi

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Biashara haikukoma siku hiyo. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata. Watoto wengi waliopatikana humo walikabidhiwa kwa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA: wavulana wakapelekwa Kiungani, na wasichana Mbweni. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu cha masimulizi ya wavulana wa Kiungani, waliyoyaeleza wenyewe, kuhusu makwao na jinsi walivyotekwa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Unguja hadi Lindi, na kutoka Lindi kwenda bara. Nia ya awali ilikuwa kuelekea Nyasa, ambako wengi wao walitokea. Walipofika Masasi, chini ya milima yake ya mawe, walikuta ardhi nzuri na chakula, wakakaa. Hivyo ndivyo kilivyoanza kijiji cha Kikristo katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde.

Wanafunzi wa isimu wamkumbuke Steere kwa jambo jingine pia. Alikuwa ametoa vijitabu vya Kiyao mwaka 1871 na vya Kimakonde mwaka 1876, na Chauncy Maples, aliyefika Masasi baada yake, alitoa cha Kimakua mwaka 1879. Hata hivyo, lugha ya ibada na ya shule ilikuwa Kiswahili. Katika Kiyao Mungu ni Mulungu, katika Kimakua ni Muluku, na katika Kimakonde ni Nnungu. Maneno hayo ni ndugu wa damu wa neno Mungu, na yalikuwapo kabla ya jahazi na kabla ya misheni. Mwalimu wa chuoni na padri wote wawili walipofika walikuta jina tayari lipo. Walichokuja nacho ni habari juu ya mwenye jina.

Mwezi Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi na kuchukua mateka. Watu waliotolewa utumwani mara moja wakatekwa tena. Maples aliihamishia misheni Newala, karibu na Mfalme Matola wa Wayao, na Masasi ikafufuliwa baadaye. Hivyo Ukristo ulipanda juu kwenye uwanda wa Makonde kwa sababu ya vita ambavyo havikuhusiana na dini hata kidogo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyetolewa utumwani angali mtoto. Alilelewa na misheni Unguja, akasoma hata Uingereza, akafanywa shemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA. Alifanya kazi kwa miaka mingi Chitangali, miongoni mwa Wayao wenzake. Tufikiri sasa kwamba jahazi lililombeba mtoto kama huyo halikusimamishwa. Angeuzwa Unguja au Pemba, angelelewa katika nyumba ya Kiislamu, angefundishwa shahada na kusali, na huenda angeachwa huru na bwana wake kwa kutaka thawabu. Mtoto ni yuleyule. Tofauti ni upepo wa siku moja na macho ya baharia mmoja. Na jina lake lilikuwa Majaliwa, neno linalotokana na kujaliwa, yaani kile ambacho Mungu amempa mja.

3.2 Newala

Uislamu ulifika kusini kwa njia nyingine. Watu wa Lindi na Mikindani walikuwa Waislamu tangu zamani, na misafara yao ilipita bara kwa pembe na kwa watumwa, na baadaye kwa mpira. Kwa muda mrefu watu wa pwani hawakuwa na hamu kubwa ya kuwasilimisha watu wa bara. Waliwaita washenzi, nao wenyewe wakajiita waungwana. Tofauti hiyo iliwafaa, kwani mshenzi aliweza kununuliwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto, na baada ya vita ikaja njaa. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, alizikuta jamii zilizotikisika, lakini bado zikiendesha jando na unyago wao. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilisambaa katika eneo la Lindi ikiwataka watu watubu kwa kuwa mwisho wa dunia umekaribia, na Wajerumani wakaingiwa na hofu kwamba uasi mwingine unaandaliwa. Katika miongo iliyofuata vijiji vingi vya uwanda viliingia katika Uislamu. Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya kuenea kwa Uislamu bara, ameonyesha kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanavijiji wenyewe. Walikwenda pwani, wakajifunza, wakarudi, wakajenga misikiti ya udongo na kufundisha watoto.

Hapa suala la uadilifu wa kuzaliwa lina sura ya pili, ambayo vitabu vya itikadi haviitaji sana. Aliyezaliwa bara alikuwa amehukumiwa na pwani kwa kuzaliwa kwake. Aliposilimu, hukumu hiyo ilipoteza msingi. Kurani, katika sura ya 49 aya ya 13, inafundisha kwamba makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele ya Mungu ni mchamungu zaidi. Mmakonde aliyesimama safu moja na mtu wa Lindi katika sala aliweza kumdai aya hiyo. Kwa hiyo Uislamu uliingia uwandani pia kama jibu kwa dhuluma ya kuhukumiwa kwa nasaba. Anayeeleza kusilimu kwa watu hawa kwa sababu za siasa na biashara tu anaacha nje jambo ambalo wao wenyewe walilithamini sana.

3.3 Ng’ambo ya Ruvuma

Kutoka ukingo wa Newala bonde la Ruvuma linaonekana chini. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mto huo kuwa mpaka. Ng’ambo yake, katika uwanda wa Mueda, wanaishi Wamakonde wengine. Huko wamisionari wa Kikatoliki walianza kazi katika miaka ya 1920, na Wamakonde wengi wa Msumbiji ni Wakatoliki, ilhali wengi wa Newala ni Waislamu. Lugha zao zinasikilizana, na desturi zao ni za shina moja. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, wengi walivuka wakaja kuishi upande wa Tanzania, na ndugu wa lugha moja wakakutana kila mmoja na dini yake. Ukitaka kujua kwa nini huyu anakwenda msikitini na yule kanisani, sehemu kubwa ya jibu ni mstari uliochorwa Ulaya na watu ambao hawakuwafikiria wote wawili.

4.0 Hoja za wanazuoni

Je, Uislamu wenyewe unasemaje? Msingi wa kwanza ni hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yenye maana kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, fitra, kisha wazazi wake ndio humtia katika dini nyingine. Hadithi hii inakubali waziwazi nguvu ya malezi. Haisemi kwamba mtoto wa Masasi alizaliwa na upungufu.

Msingi wa pili ni uadilifu. Wamu’tazila walishikilia kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hana budi kumtendea kila mja lililo bora kwake. Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash’ari alimuuliza mwalimu wake al-Jubba’i juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mchamungu, wa pili alikufa kafiri, wa tatu alikufa mdogo. Yule mdogo akilalamika kwamba hakupewa muda wa kutenda mema, ataambiwa kuwa Mungu alijua angeasi, kwa hiyo alifishwa kwa manufaa yake. Basi yule kafiri naye atauliza: mbona sikufishwa nikiwa mdogo? Inasemekana mwalimu alinyamaza. Al-Ash’ari aliihama madhehebu hiyo akafundisha kwamba matendo ya Mungu hayapimwi kwa mizani yetu. Mafundisho ya Kiash’ari, pamoja na fikihi ya Kishafi, ndiyo yaliyotawala pwani yetu na kupanda hadi Newala.

Mtu anaweza kudhani kwamba msimamo huo unafunga mjadala kwa kusema tu: Mungu hufanya apendavyo. Haukuufunga. Waash’ari haohao walishikilia aya ya 15 ya sura ya 17, inayofundisha kwamba Mungu haadhibu mpaka apeleke mtume, na wakajenga juu yake hoja ya kufikiwa na ujumbe. Asiyefikiwa hana lawama. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifafanua hoja hii kwa kuwagawa wasio Waislamu makundi matatu: wasiosikia kabisa, waliosikia habari sahihi pamoja na dalili zake, wakakataa, na waliosikia jina tu, tena kwa sura iliyopotoshwa. Kundi la kwanza na la tatu aliwatarajia rehema.

Tuutie mgawanyo huu katika historia yetu. Mwanamke wa Kimakua aliyefungwa mnyororo katika msafara wa watu waliokuwa wakisali mara tano kwa siku alisikia nini juu ya Uislamu? Alisikia jina lake katika vinywa vya waliomuuza. Na mtoto wa Kiungani, aliyeambiwa habari za Mtume Muhammad na walimu waliokuja kuupinga Uislamu, alisikia sura gani? Kwa vipimo vya al-Ghazali, ni vigumu kuwaweka hawa katika kundi la pili. Hoja hii haimwondolei mtu mzima wa leo wajibu wa kutafuta. Inamwondolea jirani yake haki ya kujifanya hakimu.

Fikihi nayo ilijua kwamba dini ya mtoto ni jambo la mazingira. Katika Minhaj ya al-Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana pwani, mtoto mdogo huhukumiwa kuwa Mwislamu kwa kufuata: kumfuata mzazi, akiwa baba au mama, kumfuata aliyemteka bila wazazi wake, au kufuata nchi alimookotwa. Hizo ni hukumu za dunia, za mirathi na mazishi. Kuhusu akhera, al-Nawawi huyohuyo aliona kauli sahihi ni kwamba watoto wa wasio Waislamu wakifa wadogo wamo peponi. Yaani wanasheria walitenga mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: mtoto ahesabiwe wapi, na mtoto yuko wapi mbele ya Mungu.

5.0 Nani mlezi?

Hadithi ya fitra inataja wazazi, na katika Kiarabu neno hilo limo katika umbo la uwili: baba na mama. Kiswahili hakina uwili, na neno wazazi lina nafasi pana zaidi. Katika uwanda wa Makonde upana huo ni muhimu, kwa kuwa Wamakonde, Wayao na Wamakua wote hufuata ukoo wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu yake. Baba Mwislamu aliyemwoa mwanamke wa ukoo wenye mjomba Mkristo aliweza kukuta mwanawe shuleni kwa wamisionari bila yeye kuulizwa, na kinyume chake pia.

Baada ya mjomba alikuja kungwi. Mtoto hakuwa mtu mzima mpaka aingie jandoni: lupanda kwa Wayao, likumbi kwa Wamakonde. Walimu wa Kiislamu walilipokea jando kwa sababu tohara ilikuwamo tayari. Wamisionari kwanza walilichukia. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, aliona kwamba mtoto wa Kikristo asiyekwenda jandoni hahesabiwi kuwa mtu, akaanzisha jando lenye sala za Kikristo. Pande zote mbili zilitambua jambo lilelile: anayeshika jando ndiye anayeshika malezi.

Kisha kulikuwa na lugha. Mtoto wa chuoni alianza na alifu, akahifadhi sura fupi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuelewa maana yake. Mtoto wa misheni alisoma Injili kwa Kiswahili. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilikuwa ya Godfrey Dale wa UMCA, na haikukusudiwa kumwongoza Mwislamu bali kumjibu. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Kwa hiyo vizazi viwili vya Waislamu wa Newala viliishi na ujumbe vilivyousikia zaidi ya vilivyousoma, na vilimtegemea mwalimu kwa maana. Mwaka huohuo wa 1969 Sheria ya Elimu ilizitia shule za misheni chini ya serikali, na watoto wa dini mbili wakaketi dawati moja, wakitengana kwa kipindi cha dini tu.

6.0 Wazee waliotangulia

Swali letu halihusu jirani peke yake. Aliyesilimu mwaka 1915 alikuwa na mama aliyekufa mwaka 1890. Huyu yuko wapi? Hakuna mtu anayeuliza swali hilo kwa ajili ya mjadala.

Desturi ya uwanda ililijibu kwa vitendo. Sadaka iliyokuwa ikitolewa kwa mizimu ya ukoo iligeuka kuwa sadaka pamoja na dua na khitima, na majina ya wazee yakaendelea kutajwa. Watu wa tarika, hasa Kadiria, hawakuona tabu. Tangu miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Ansar Sunna wamelipinga jambo hili vikali, wakisema ni uzushi, na kwamba asiyekufa Mwislamu haombewi. Ugomvi huu umefika hadi makaburini.

Sina mamlaka ya kuamua kati yao. Lakini wote wawili wanaweza kukumbushwa fungu ambalo limo katika vitabu vyao: watu wa fatra, walioishi kati ya mtume na mtume bila kufikiwa. Wanazuoni wengi wa Kiash’ari waliwahesabu kuwa wameokoka. Mama wa mwaka 1890, aliyemwomba Nnungu mvua na hakuwahi kusikia adhana, ana nafasi katika fungu hilo zaidi ya watu wengi waliotajwa vitabuni.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza ni kwamba dini ya mtoto wa Masasi au Newala ilitokana na jahazi, vita, mpaka, mjomba na jando, na anayedai kwamba yeye aliistahili anadai kisichokuwa chake. La pili ni kwamba elimu ya Kiislamu haikulikwepa jambo hili. Ilikiri nguvu ya malezi, ikatenga hukumu ya dunia na hukumu ya akhera, na ikaweka sharti la kufikiwa na ujumbe. La tatu ni kwamba lugha yetu imehifadhi tofauti ambazo ndimi zetu huzisahau: kuzaliwa si kulelewa, kulelewa si kusilimu, na kuongoka ni kitenzi kisichomtaja mtendaji.

Sikusema kwamba dini zote ni sawa, wala kwamba kuchagua hakuna maana. Anayeamini kwamba njia yake ni ya haki anao wajibu wa kuieleza, na kuieleza vizuri, kwa kuwa kwa mujibu wa al-Ghazali anayeipotosha anaweza kuwa yeye ndiye sababu ya mwenzake kutofikiwa. Huo ni mzigo kwa mhubiri kuliko kwa anayehubiriwa.

Kwa wanafunzi mliotoka mikoa ya Mtwara na Lindi, kazi ipo. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza dini, na hilo si hasara, kwani takwimu zisingeweza kutuambia nani alimpeleka nani kwa mwalimu, kwa sababu gani, na nyumba ilisemaje. Wazee waliosikia habari hizo kutoka kwa wahusika wenyewe wanapungua kila mwaka. Nendeni mkawaulize, kwa Kimakonde, Kiyao na Kimakua, na mwandike vitenzi walivyovitumia kama walivyovitamka.